Dayati au Pasi Ndefu?

Kuna maneno mawili yanayoshangiliwa sana hapa chuoni. La kwanza ni "bumu limeingia." La pili ni "umepungua." La kwanza tunalisubiri wote pamoja. La pili kila mtu analisubiri kivyake, na hasa sisi wasichana.

Muhula uliopita mimi niliambiwa "umepungua" mpaka nikazoea. Kwenye korido za hosteli, maktaba, kanisani, hata kwenye foleni ya kusaini fomu za mkopo. "Shoga, umepungua! Unafanyaje?" Hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa mzima. Aliyeuliza ni mmoja tu, mama anayetuuzia chakula nyuma ya hosteli. "Mwanangu, siku hizi sikuoni. Unaumwa?" Nikamjibu kwa madaha kidogo kwamba niko kwenye dayati. Akacheka, akasema dayati ya wanachuo anaijua, huwa inaanza bumu likichelewa.

Nilikasirika siku ile. Leo naandika kukiri kwamba mama yule aliuelewa mwili wangu kuliko mimi ninayesomea Baiolojia.

Nianze mwanzo. Mwezi wa nne nilikuwa na kilo 71, na urefu wangu ni sentimita 158. Ukipiga ile hesabu ya uzito kwa urefu unapata 28 na kidogo, na tunafahamu kwamba kuanzia 25 mtu anahesabiwa kuwa na uzito uliozidi. Kwa hiyo sikuwa najisingizia, nilikuwa na kilo za kupunguza. Lakini kilichonisukuma hakikuwa hesabu. Alikuwa konda mmoja aliyesema mbele ya abiria wote, "Dada, wewe ilitakiwa ulipe siti mbili." Daladala zima likacheka, na mimi nikacheka nao ili yaishe. Usiku ule sikula.

Rumu meti wangu ndiye aliyeleta habari ya vyakula vibichi. Kanuni yake ni fupi: usile kitu kilichopita motoni. Unakula matunda, mboga mbichi, karanga na korosho zisizokaangwa, na mbegu zilizoloweshwa. Wanaoufuata mtindo huu wanasema chakula kikipata joto la zaidi ya nyuzi 40 na kitu kinakufa, vimeng'enya vyake vinaharibika, na wewe unabaki unakula maiti. Wazo lenyewe si la jana. Daktari Maximilian Bircher-Benner wa Uswisi alikuwa akiwalisha wagonjwa wake matunda na mboga mbichi huko Zurich zaidi ya miaka 100 iliyopita, na ndiye aliyeanzisha muesli, ule mchanganyiko wa nafaka na matunda tunaouona supamaketi tukaishia kusoma bei.

Hosteli kwetu jambo hili liliingia kirahisi mno. Kupika chumbani ni marufuku, ukikamatwa na hita unaandikiwa barua. Dayati isiyohitaji moto ni kama ilitungwa na meneja wa hosteli mwenyewe.

Basi siku yangu ikawa hivi. Asubuhi kipande cha papai. Mchana matango mawili, karoti tatu na bakuli la kabichi iliyokatwa nyembamba na kukamuliwa limao. Jioni ndizi mbivu mbili, na nikiwa na hela nusu parachichi. Baadaye nilikaa nikapiga hesabu: kwa siku sikufika kalori 800. Msichana wa umri wangu anayetembea kutoka hosteli kwenda madarasani na kurudi anahitaji kama 2,000.

Wiki ya kwanza zikaondoka kilo tatu. Niliona muujiza. Kumbe mwili ukikosa chakula cha kutosha huanza kutumia glaikojeni, ile akiba ya wanga iliyo kwenye ini na misuli, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na gramu tatu hivi za maji. Akiba ikiisha, na maji yake yanatoka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya muujiza wangu niliiacha chooni. Hata hivyo niliendelea, na mwanzoni mwa mwezi wa saba, tulipotawanyika kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, mizani ya stendi ilisoma kilo 60.

Sasa tuseme ukweli wote, maana najua kuna mtu anasoma hapa anasema, "Si ulipungua lakini?" Ndiyo, nilipungua kilo 11. Dayati ile inapunguza, sibishi. Ninachobisha ni sababu. Kilo nzima ya matango ina kalori 150 hivi, pungufu ya kikombe kimoja cha wali. Iliyobaki ni maji. Ukila vitu vya namna hiyo tumbo linajaa, taya zinachoka, na nishati iliyoingia ni kiduchu. Halafu kwa kukwepa moto unakuwa umekwepa chipsi, maandazi, vitumbua na chapati kwa mpigo mmoja. Ubichi hauna uchawi wowote hapo. Ningekula kiasi kilekile cha kabichi na karoti zilizochemshwa, ningepungua vilevile.

Na ile hoja ya vimeng'enya, hapo mimi ndiye niliyepaswa kushtuka kabla ya wote. Vimeng'enya ni protini. Vikifika tumboni vinakutana na asidi na pepsini, na vingi vinameng'enywa kama protini nyingine yoyote. Mwili wetu unatengeneza vya kwake, mdomoni, tumboni na kwenye kongosho. Hauhitaji kuazima vya tango. Haya nimeyafanyia mitihani na nikafaulu. Lakini nilipotaka kupungua niliyaweka pembeni kwa sababu hayakuwa yanasema ninachotaka kusikia.

Ni kweli moto una hasara zake. Vitamini C inapotea kwa kuchemsha, na wale wanaochemsha mchicha mpaka unasahau rangi yake wanatukosea. Lakini moto huohuo unatufanyia mengi. Protini ya yai lililopikwa mwili unaitumia kwa asilimia 90 hivi, ya yai bichi ni kama nusu tu. Rangi ile nyekundu ya nyanya na ya chungwa kwenye karoti, zote zenye faida mwilini, zinapatikana vizuri zaidi zikipikwa na mafuta kidogo. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayoitwa lektini, punje chache tu zinatosha kukutapisha, na dawa yake ni kuyachemsha barabara. Muhogo mchungu una sianidi. Miaka ya 1980 huko Tarime, njaa ilipobana na watu wakala muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, wengi walipooza miguu kwa ugonjwa unaoitwa konzo. Bibi zetu walioloweka, wakaanika, wakatwanga, ndipo wakapika, walikuwa wanajua wanachofanya.

Yupo mtaalamu mmoja, Richard Wrangham, aliyewahi kufuatilia sokwe pale Gombe na baadaye Kibale nchini Uganda. Mwaka 2009 alitoa kitabu chenye hoja kwamba kupika ndiko kulikotufanya tuwe binadamu. Sokwe anatumia saa nyingi za mchana kutafuna tu, wakati sisi moto umetufanyia sehemu ya kazi hiyo, tukapata nafasi ya kufanya mengine, pamoja na kusoma. Unaweza kuibishia hoja yake, lakini mimi niliionja. Nilikuwa natafuna karoti kuanzia saa nne hadi saa saba na bado kwenye semina nawaza chapati.

Kuna jambo jingine ambalo rumu meti wangu hakunipa kwenye kifurushi. Mwaka 1999 watafiti wa Giessen, Ujerumani, walichapisha matokeo kuhusu wanaume 216 na wanawake 297 waliokuwa wameishi kwa vyakula vibichi kwa muda mrefu. Wanaume walikuwa wamepungua wastani wa kilo 9.9, wanawake kilo 12. Mpaka hapo utapiga makofi. Lakini robo ya wanawake wale walikuwa wamepitiliza, uzito umeshuka chini ya kiwango. Na kwa wanawake wa chini ya miaka 45, karibu asilimia 30 hedhi yao ilikuwa imevurugika au imekata kabisa.

Yangu ilikata mwezi wa sita. Nilinunua kipimo cha mimba ingawa nilijua fika sina sababu ya kukinunua. Kilipoonyesha hakuna kitu, nikafurahi na kuendelea na matango yangu.

Haya yote ningeweza kuyabeba mwenyewe na kukaa kimya. Mwili wangu, ujinga wangu. Ninaandika kwa sababu ya kilichotokea shuleni.

Nilipangiwa kidato cha pili, na mada niliyoikuta kwenye azimio la kazi ni lishe. Bahati iliyoje! Niliandaa somo zuri, nikachora makundi ya vyakula ubaoni, na mwishoni, nje ya andalio langu, nikaongeza ya kwangu. Nikawaambia wanafunzi kwamba chakula kikipikwa kinakufa, kwamba mwenye akili anakula vitu vibichi, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa mnene nikapungua kwa njia hiyo. Wasichana wa mbele walinitazama kama wanamtazama msanii. Nilijisikia mwalimu kwelikweli.

Shule ile wanakula makande mchana. Kumbe kuanzia siku ile mwanafunzi mmoja, binti wa miaka 15 mwenye mwili wa kawaida kabisa, akawa anagawa makande yake kwa wenzake na kubaki na karoti moja na maji. Wiki mbili baadaye alianguka mstarini asubuhi. Tulimbeba hadi zahanati, mimi na matroni. Alipozinduka vizuri muuguzi akamuuliza amekula nini jana. Binti hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi, akasema kwa sauti ya kuomba radhi, "Madamu, si ulisema cha kupikwa kinakufa?"

Sikuwa na jibu. Muuguzi alinitazama, kisha akanivuta karibu. "Na wewe mwalimu, hebu nione macho." Akashusha kope za chini, akanyamaza, akanipima na mimi. Damu ilikuwa 9.6. Kwa mwanamke asiye mjamzito inatakiwa isipungue 12. Huenda sikuwa na damu ya kutosha tangu zamani, maana utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa nchi hii wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Lakini kama nilikuwa nao kidogo, miezi mitatu bila maharage, dagaa wala nyama ilinimalizia.

Tulirudi shuleni kwa miguu, mimi, matroni na yule binti katikati yetu. Kesho yake niliingia darasani nikafundisha lishe upya. Niliwaambia, "Nilichosema wiki mbili zilizopita hakikuwa sahihi, na mimi nimeumwa kwa sababu yake." Ni somo gumu kuliko yote niliyofundisha, na hakukuwa na mhadhiri wa kulitathmini.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama wa nyuma ya hosteli, na hii ndiyo hoja yangu kubwa. Dayati ya vyakula vibichi ya vitabuni ina parachichi zima, korosho, lozi, mbegu za kila aina, na mtu wa kukupima damu mara kwa mara. Ni dayati ya mwenye nazo. Yetu sisi ina tango na kabichi. Ukiondoa jina, kinachobaki ni kitu ambacho wanachuo wa nchi hii wanakijua kwa jina la nyumbani: pasi ndefu. Unaruka mlo wa asubuhi, unaupa mlo wa mchana pasi ndefu mpaka jioni, mfuko unapumua.

Nikiwa mkweli, mimi nilianza dayati bumu likiwa limechelewa. Nilikuwa natumia kama shilingi 5,000 kwa siku kwa chakula, nikashuka hadi 2,000. Ile 3,000 iliyobaki ilinunua vocha na kuchapa kazi za vikundi. Ningewaambia wenzangu "sina hela ya kula," ningeona aibu. Nikawaambia "niko kwenye dayati," wakanipongeza. Dayati ilinipa njia ya kuwa na njaa bila kuonekana maskini. Na nina hakika siko peke yangu. Kwenye ghorofa yetu tulikuwa wasichana sita wa matango, na bumu lilipoingia tulibaki wawili. Mbivu na mbichi zilijulikana siku ile ile.

Hili ndilo linalonitisha. Njaa ikiitwa njaa, mtu anaweza kusaidiwa. Rafiki atakugawia wali, kiongozi wa darasa ataulizia bumu, waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi atapigiwa simu. Njaa ikiitwa dayati, inapigiwa makofi. Na sisi tunaosomea ualimu tunaibeba hiyo njaa iliyopewa jina zuri, tunaipeleka darasani, tunawagawia watoto wa watu.

Simaanishi watu wasipungue. Kisukari na presha vipo, vinaua wazazi wetu, na wengi wetu tunakula vibaya. Zege kila usiku na soda juu yake si chakula cha mtu anayekaa chini saa nane. Wala sisemi tususie vitu vibichi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na wengi wetu hatufiki hata nusu. Kula tango lako, kula papai lako, kula kachumbari, ila iwe imeoshwa kwa maji salama, maana taifodi nayo inapunguza kilo. Lakini viwe kando ya sahani yenye maharage, dagaa, yai au mbaazi, na ugali au wali wa kiasi. Punguza mafuta, punguza sukari, tembea. Utapungua polepole, na hakuna atakayekushangilia wiki ya pili. Damu yako itabaki mwilini.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi nina maombi matatu, na hayahitaji kamati ya kuyachunguza. Kwanza, mkataba wa kafeteria ukijadiliwa tena, wekeni sharti kwamba sahani ya bei ya chini kabisa iwe na mboga ya majani na tunda. Sasa hivi tunda ni la kununua pembeni, ndiyo maana mtu anaona lazima achague kati ya wali na papai. Pili, zahanati ya chuo itenge hata siku moja kwa wiki ya ushauri wa lishe, mtu apimwe uzito na damu pamoja, maana mizani ya stendi inakuambia kilo tu. Tatu, bumu likichelewa, semeni mapema na kwa sauti. Kila siku mnayonyamaza kuna mtu anaanza dayati.

Na kwetu sisi wengine, wasichana wenzangu hasa, naomba tupunguze kusalimiana kwa kilo. "Umepungua" na "umenenepa" zote ziwe na mapumziko. Bibi yangu hajawahi kuniuliza nina kilo ngapi. Anauliza, "Mmekula huko?" Ni swali la maana zaidi, na jibu lake linaweza kumfanya mtu apike.

Leo nina kilo 64. Zimerudi nne, na damu nayo imepanda, na mwezi uliopita nilipata hedhi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Nilifurahi kuliko siku zile zote nilizoambiwa umepungua. Nikaenda nyuma ya hosteli, nikamwamkia mama, nikaomba wali maharage na mchicha. Akaniuliza kama bumu limeingia. Nikasema bado.

"Basi kaa ule," akasema, huku anafungua lile daftari lake la madeni. "Nakuandika."